Ndege au gari? Namna ya kupima hatari kabla ya kulipa nauli

Kwamba ndege ni salama kuliko gari ni kweli tupu kwa ndege kubwa za ratiba. Mwaka 2023 abiria zaidi ya bilioni 4 walisafiri kwa mashirika ya ndege duniani, na IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, ilihesabu ajali moja tu iliyoua, iliyochukua watu 72 huko Nepal. Barabarani, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO), hufa watu milioni 1.19 kwa mwaka. Lakini kama unapanda ndege ya kukodi yenye injini moja na rubani mmoja, takwimu hizo si zako. Piga hesabu upya.

Chukua Marekani, yenye kumbukumbu nzuri. Ndege ndogo zisizo za mashirika hupata takriban ajali moja ya vifo kwa kila saa 100,000 angani. Kwa mwendo wa kilomita 240 kwa saa, hizo ni kilomita milioni 24. Magari ya huko huua mtu mmoja kwa kilomita milioni 128 hivi. Kwa hiyo kilomita kwa kilomita, ndege ndogo ni hatari zaidi ya mara tano. Barabara zetu ni mbaya kuliko zao, kwa hiyo huenda pengo kwetu ni dogo zaidi, ila usidhani limekwisha.

Sasa mtazame rubani, maana ajali nyingi za ndege ndogo huanzia kwake. Mmoja wa wauaji wakubwa ni kuingia mawinguni bila ujuzi wa kuruka kwa vipimo, yaani kuongoza ndege kwa kusoma vyombo vilivyo mbele ya rubani, bila kutazama nje. Asipoona upeo wa macho, sikio la ndani humdanganya, naye huamini yuko sawa huku ndege imelala upande. Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu marubani 20 wasio na ujuzi huo mwaka 1954: wote walipoteza udhibiti, kwa wastani ndani ya sekunde 178. Wazoefu nao hawana kinga. Mei 2007 ndege ya Kenya Airways iliondoka Douala, Kamerun, usiku wa mvua. Nahodha alitamka kwamba mfumo wa kujiendesha umewashwa, ila haukuwa umewashwa, na hakuna aliyehakikisha. Ndege ikalalia kulia polepole. Onyo lilipolia, usukani ulichezeshwa kwa namna iliyozidisha mlalo. Walikufa wote 114.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, uliza: marubani ni wangapi? Wana leseni ya kuruka kwa vipimo, na ndege yenyewe inaruhusiwa kurushwa hivyo? Wakijibu "rubani wetu anaijua njia", tafuta kampuni nyingine. Chagua safari ya asubuhi, kabla mawingu ya mchana hayajajikusanya milimani, na isiyotua njiani: hatari kubwa iko kwenye kuruka na kutua, si katikati.

Uzito wako utaje ulivyo, pamoja na viatu na begi. Uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, uko futi 5,500 juu ya bahari, kimo ambacho joto lake la kawaida katika hesabu za urubani ni nyuzi 4 za Selsiasi. Kwa kila nyuzi inayozidi hapo, ongeza futi 120 kwenye kimo. Siku ya nyuzi 26 ndege inaruka kana kwamba iko futi 8,100: hewa nyepesi, injini dhaifu, njia ya kurukia inayohitajika ni ndefu zaidi. Kilo 20 ulizoficha zinaingia hapo.

Mafuta ya akiba yasipungue ya dakika 30 mchana, 45 usiku. Na ukikuta rubani anapiga kona kali karibu na ardhi ili kuwaonyesha wanyama, mwambie aache. Ndege ikilala upande kwa pembe ya nyuzi 60, hupanda kwa asilimia 41 kasi ya chini inayoweza kuibeba ndege: iliyokuwa ikihitaji kilomita 90 kwa saa sasa inataka 127. Ikipungua hapo, bawa linaacha kubeba, na kimo cha kujinusuru hakipo.

Mwisho, usimharakishe rubani. Abiria wanaolalamika kwamba wamechelewa harusi wamesukuma marubani wengi kwenye mawingu. Akiahirisha, lala hapo hapo. Usikodi gari usiku uleule kufidia muda: malori mabovu huachwa barabarani bila taa, na dereva uliyempata ghafla huenda ameshinda kutwa kwenye usukani.