Kabla jino halijachongwa: mambo ya kuzingatia unapochagua krauni

Mtu akishaambiwa kwamba gego lake lililosafishwa mzizi linahitaji kuvikwa krauni, yaani kofia ngumu inayofunika jino lote, swali linalomtoka kwanza ni: ipi inadumu? Ni swali zuri, ila limekuja mapema. Jino likishachongwa ili livikwe, halirudi lilivyokuwa, na kiasi cha kuchonga hutegemea aina ya krauni mliyokubaliana. Kwa hiyo mazungumzo haya yafanyike kabla ya sindano ya ganzi, wakati mdomo bado unaweza kuuliza.

Anza na jino lenyewe. Omba daktari akuonyeshe picha ya eksirei na akueleze ni sehemu gani ya jino iliyobaki nzima. Krauni hushikwa na jino, na madaktari hupenda kuona kuta imara zenye kimo cha milimita 1.5 hadi 2 juu ya fizi, kuzunguka jino zima. Kuta hizo zisipokuwepo, hata krauni ngumu kuliko zote itang'oka, au mzizi utapasuka chini yake. Hapo swali linakuwa kama jino hilo linastahili gharama hiyo kabisa, na daktari mkweli atakwambia.

Jambo linalosahaulika ni kwamba krauni nyingi haziharibiki kwa kuvunjika. Huharibika kwa sababu uozo umejipenyeza pembeni, pale krauni inapokutana na jino, au kwa sababu gundi imeachia. Krauni isiyokaa sawasawa kwenye ukingo huo ni hasara, iwe ya dhahabu au ya udongo. Kama fizi zako zinatoka damu ukipiga mswaki, zitibiwe kwanza; damu na mate huharibu vipimo vya umbo la jino vinavyopelekwa maabara inayotengeneza krauni, na vipimo vibaya huzaa ukingo mbaya.

Baada ya hapo ndipo uangalie jino liko wapi. Simama mbele ya kioo, cheka kicheko chako cha kawaida, uone linaonekana au la.

Kwa meno ya mbele, wengi hupendekeza lithiamu disilikati, seramiki yenye asili ya kioo. Hupitisha mwanga kama jino la kuzaliwa, na nguvu yake ya kuhimili kupinda, kati ya megapaskali (kipimo cha uimara) 360 na 500 hivi, hutosha kwa meno ya mbele na magego madogo. Lakini sifa yake ndiyo mtego wake. Jino lililokufa na kugeuka rangi ya kahawia, au lenye nguzo ya chuma ndani, litaonekana kwa chini kama kivuli cha kijivu. Uliza mapema kama maabara itatumia aina isiyopitisha mwanga sana, au kama ni afadhali kuhamia zirkonia, seramiki iliyo ngumu zaidi.

Zirkonia nayo si kitu kimoja, ingawa kwenye matangazo inauzwa kama ni kimoja. Ile nyeupe ya mwanzo, isiyopitisha mwanga vizuri, hufika megapaskali 900 na kupita, na ndiyo inayofaa gego linalotafuna mifupa. Zile mpya zinazong'aa kama jino zimepata urembo kwa kupoteza sehemu ya nguvu hiyo. Zipo pia zinazofunikwa juu kwa poselini, seramiki laini zaidi yenye rangi ya jino, ili zipendeze, na kifuniko hicho kinaweza kubanduka wakati zirkonia ya ndani iko salama. Basi uliza: ni zirkonia tupu, au imefunikwa? Ni ile ngumu, au ile inayong'aa?

Kuna hofu kwamba zirkonia hula jino linalokutana nayo. Ukweli ni kwamba kinachokwaruza ni uso wenye mikwaruzo, si ugumu wenyewe. Iliyosuguliwa ikalainika hulitendea jino la pili kwa upole kuliko poselini. Hatari huja siku ya kuivalisha: daktari akiipunguza kidogo ili meno yakutane, kisha asiisugue tena. Mwambie bila haya kwamba ungependa isuguliwe.

Krauni ya chuma iliyofunikwa poselini imekuwepo tangu miaka ya 1960 na bado hutengenezwa katika kliniki nyingi. Ni sawa na birika la enameli: zuri na imara, mpaka kipande kibanduke na weusi wa ndani utokeze. Tena fizi zikishuka baada ya miaka, mstari wa kijivu huonekana ukingoni. Nyuma si neno. Mbele, fikiria mara mbili. Vilevile inadai jino lichongwe sana, milimita 1.5 hadi 2 mahali pa kutafunia, ili chuma na poselini vyote vipate nafasi. Na kama hereni za bei rahisi au kifungo cha mkanda hukuletea muwasho, sema, maana vyuma vingi vya bei nafuu vina nikeli.

Maoni yangu binafsi: kwa gego la mwisho kabisa, chuma kitupu kinadharauliwa bure. Kinachongwa kidogo, hakibanduki, na aloi ya dhahabu (dhahabu iliyochanganywa na vyuma vingine) huchakaa karibu sawa na jino la asili. Pwani, jino la dhahabu liliwahi kuwa pambo, wala si la kufichwa. Leo kizuizi ni bei yake.

Sasa jiulize unavyoishi na meno yako. Unafungua soda kwa meno? Unatafuna miwa, mahindi makavu ya kuchoma, mirungi? Tambuu hupaka rangi hata kwenye ukingo wa krauni nzuri. Ukiamka taya zimechoka, au mwenzako analalamika kwamba unasaga meno usiku, hilo ni la kusema kabla ya jambo lingine lolote, kwa kuwa linaweza kubadili uchaguzi wote, na huenda ukahitaji kinga ya kuvaa usiku.

Rangi ina mambo yake. Krauni haiwezi kung'arishwa baadaye, hivyo kama una nia ya kung'arisha meno, fanya kwanza, kisha subiri kama wiki mbili rangi itulie. Rangi ichaguliwe mwanzoni kabisa mwa miadi, karibu na dirisha, bila rangi ya mdomo. Jino lililoachwa wazi muda mrefu hukauka na kuonekana jeupe kuliko lilivyo. Kwa waliokulia Arusha, Kilimanjaro au sehemu za Bonde la Ufa kule Nakuru, ambako maji ya kunywa yana floraidi nyingi, kuna uamuzi wa ziada: je, krauni iige madoa ya kahawia ya meno jirani, au iwe safi na ionekane ngeni? Hakuna jibu moja, lakini fundi wa maabara mara nyingi hatakuona uso kwa uso. Ombeni apelekewe picha.

Kuhusu fedha, ulizia bei inajumuisha nini: vipimo, krauni ya muda, maabara, na marekebisho ikiachia mapema. Bima iulizwe kabla, kwa maandishi. Na anayechonga awe daktari wa meno aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, au na KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno, kwa Kenya. Fundi wa mtaani anayebandika ganda la chuma juu ya jino zima anakupa mahali pa kufugia uozo.

Siku ya kuvalishwa, omba kuiona krauni mdomoni kabla haijagandishwa. Itazame kwa mwanga wa mchana, pitisha uzi wa meno pembeni uone kama unanasa au unapita bila kugusa, kisha ng'ata karatasi ya rangi inayoonyesha meno yanapogusana. Ikiwa imegandishwa na ganzi ikaisha ukahisi jino hilo ndilo la kwanza kugusa, rudi kesho yake. Usingoje lizoee.