Kuchora skrini ya simu kwa Inkscape bila kuhangaika na menyu

Inkscape ni programu huria ya kuchora, haina malipo, haihitaji bando, na karibu kila kazi ndani yake ina mkato wa kibodi. Hapa tunachora skrini moja: orodha ya michango ya wanachama wa kikundi cha akiba. Mikato hii ni ya Linux na Windows.

Hatua ya 1: Ukurasa. Bonyeza Ctrl+Shift+D. Weka kipimo cha px (pikseli), upana 360, urefu 640. Vinatosha kwa mfano wa simu ya Android. Funga, kisha bonyeza 5 ukurasa wote uonekane.

Hatua ya 2: Mishale. Usiiruke hii. Kwa kawaida kila ukibonyeza mshale, umbo husogea px 2. Fungua Ctrl+Shift+P, nenda "Behavior" halafu "Steps", uweke 8. Kuanzia hapo nafasi zote zinahesabika kwa nane nane, hukadirii kwa jicho. Shift pamoja na mshale husogeza mara kumi, yaani px 80.

Hatua ya 3: Mstari wa kwanza. Bonyeza R, uburute mstatili. Bonyeza S, kisha kwenye upau wa juu andika upana 360 na urefu 56 (kufuli iliyo kati ya vipimo iwe wazi). Kabla ya kuandika vipimo, ondoa ukingo kwa Shift na kubofya alama ya X kwenye safu ya rangi, maana ukingo huongeza vipimo kimyakimya. Ndani yake, chini kabisa, weka mstatili mwembamba wa kijivu wenye urefu wa px 1. Chagua vyote viwili, uviunganishe kuwa kundi kwa Ctrl+G.

Hatua ya 4: Nakala zinazofuata asili. Wengi hapa hutumia Ctrl+D. Inafaa, ila kila nakala inajitegemea, na mteja akitaka rangi nyingine utarekebisha mstari mmoja mmoja. Tumia Alt+D. Nakala hukaa juu ya asili yake. Bonyeza mshale wa chini mara 7, na kwa kuwa 7 × 8 ni 56, mistari inagusana barabara. Rudia. Sasa shika Ctrl, bofya mstatili ndani ya kundi la asili, ubadili rangi: mistari yote inabadilika papo hapo. Umepotelewa na asili? Chagua nakala yoyote, bonyeza Shift+D, urudie hadi ufike kwenye asili. Kutenga nakala moja, Shift+Alt+D.

Hatua ya 5: Maneno. Yasiingie kwenye kundi hilo, la sivyo kila mstari utakuwa na jina lilelile. Bonyeza T, andika, kisha F1, si S, kwa sababu ukiwa ndani ya maandishi S itaandika herufi s. Hapa Ctrl+D ndiyo yenyewe: nakili, mshale mara 7, bofya mara mbili, badilisha jina.

Andika maneno halisi. Weka jina refu na "TSh 1,250,000". Batani iliyopimwa kwa neno fupi la Kiingereza huzidiwa na "Hifadhi mabadiliko", na ni heri uligundue hilo kwenye mchoro kuliko kwenye simu ya mtumiaji. Urefu wa batani uwe 48, kiwango ambacho Google inapendekeza kwa sehemu za kugusa kwenye Android. Ctrl+Shift+A itakusaidia kuweka neno katikati.

Hatua ya 6: Kutoa picha. Ctrl+Shift+E, chagua PNG, utume. Faili la SVG, yaani mchoro wenyewe wa Inkscape, libaki kwenye Git (mfumo wa kutunza historia ya mabadiliko ya faili) pamoja na msimbo wa programu. Ni maandishi matupu, hivyo kila badiliko litaonekana kwenye historia.