Wanafunzi Wanavyoweza Kusaidia Kampeni ya Maji Safi Lamu

Kabla ya kuchangisha hata shilingi, wanafunzi waulize wenyeji maji yao yanatoka wapi, kwa kuwa mji wa Lamu hutegemea visima vya matuta ya mchanga ya Shela, ilhali vijiji vingi vya kisiwa cha Pate huvuna mvua katika majabia, yaani mabirika makubwa ya kuhifadhia maji ya mvua. Kazi yenye manufaa zaidi, kwa maoni yangu, ni kusafisha jabia na sakafu yake ya kukingia kabla ya masika: fagieni majani na kinyesi cha mbuzi, zibeni nyufa, kisha acheni mvua ya kwanza ipite nje. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba huleta takriban lita moja, hesabu ambayo humshawishi mfadhili kuliko picha za huzuni. Asiingie mtu ndani ya jabia pasipo mtu mzima anayelijua. Michango ya hadharani huhitaji kibali, kwa hiyo shirika linaloendesha kampeni ndilo liombe, na fedha zipitie akaunti yake, si simu ya mwanafunzi. Nyumbani, wafundisheni watu kuchemsha maji na kufunika mitungi.