Kabla hujafungua kitabu cha neva, jua sodiamu iko upande gani

Kijana mmoja anayejiandaa kwenda chuo alinikariria hatua zote za msukumo wa neva, yaani ishara ya umeme inayopita kwenye neva, bila kukosea hata neno. Nikamuuliza: "Sodiamu nyingi iko ndani ya seli au nje?" Akanyamaza. Nafundisha twisheni ya biolojia hapa Sinza, na ukimya ule naukuta kila mwaka. Mwanafunzi anadhani neva ndizo ngumu, kumbe kilichomkwamisha ni utando wa seli, ule ukuta mwembamba unaoizunguka seli, mada aliyoipita mbio kidato cha pili. Basi turudi huko kwanza.

Hatua ya 1: Seli kwa ujumla

Jioni moja inatosha. Kiini kinatunza DNA, ribosomu zinaunda protini, mitokondria zinatoa nishati iitwayo ATP. Seli ya neva inavyo vyote hivi, sawa na seli ya ini. Inachozidi ni umbo: mkia wake, yaani aksoni, unaweza kutoka chini ya uti wa mgongo hadi mguuni, karibu mita 1.

Hatua ya 2: Kata kiazi

Hapa usiwe na haraka. Chukua kiazi mbatata, kikate vipande kama vya chipsi. Weka vipande viwili kwenye bakuli la maji matupu, viwili kwenye maji yaliyokorogwa vijiko viwili vya chumvi. Kapike chai, rudi baada ya saa moja au mbili, uvishike kwa vidole. Cha maji matupu kimekakamaa, ukikikunja kinavunjika. Cha maji ya chumvi kimelegea, kinapinda kama raba.

Maji yametoka ndani ya seli za kiazi kufuata chumvi. Lakini jiulize zaidi: kwa nini chumvi haikuingia tu ndani, mambo yakawa sawa pande zote? Kwa sababu utando ni mafuta, na chembe yenye chaji ya umeme, yaani ioni, kama sodiamu iliyo kwenye chumvi, haipiti kirahisi kwenye mafuta. Inahitaji mlango, na mlango huo ni protini. Usiende hatua ya tatu mpaka uweze kumweleza mdogo wako jambo hili, naye akaelewa.

Hatua ya 3: Namba nne

Sipendi kukaririsha watu, ila hizi zikariri. Kwa milimoli katika lita, sodiamu nje ya seli ni kama 145, ndani kama 12. Potasiamu ndani ni kama 140, nje kama 4. Ziandike kwenye karatasi, uibandike ukutani.

Hatua ya 4: Nguvu mbili zinazovutana

Seli ya neva ikiwa imetulia, milango mingi iliyo wazi ni ya potasiamu. Potasiamu imejazana ndani kama abiria wa mwendokasi jioni, kwa hiyo inasukumana kutoka. Lakini kila ioni inayotoka inaondoka na chaji chanya, na ndani kunabaki hasi. Uhasi huo unaivuta irudi. Msukumo wa kutoka na mvuto wa kurudi vinapokaribia kulingana, ndani ya seli panasomeka kama milivolti −70. Umeme wote wa ubongo unaanzia hapo.

Ili tofauti hii isiishe kuna pampu: inatoa sodiamu 3, inaingiza potasiamu 2, kwa ATP moja. Kazi hiyo ni ghali. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika.

Hatua ya 5: Msukumo wenyewe

Sasa ni rahisi. Milango ya sodiamu inafunguka, sodiamu inaingia kwa kasi, ndani panakuwa chanya kwa muda mfupi sana, kisha potasiamu inatoka na hali inarudi. Alan Hodgkin na Andrew Huxley walilieleza hili mwaka 1952 kwa kupima aksoni ya ngisi, ambayo unene wake unaweza kufika milimita 1. Ukipita soko la samaki Feri ukamwona ngisi, mtazame kwa heshima.

Hatua ya 6: Jipime kwa bunju

Wavuvi wetu wanamjua samaki aitwaye bunju: kumla ni hatari, na kumpika hakuondoi sumu. Sumu yake inaziba milango ya sodiamu. Midomo inakufa ganzi, viungo vinalegea, pumzi inakatika.

Swali: sumu ikiingia, zile milivolti −70 zinapotea? Jibu kabla hujasoma zaidi.

Hazipotei. Milango ya potasiamu iko wazi, pampu inafanya kazi, seli ipo tayari kabisa. Mgonjwa anaweza kuwa na fahamu zake, ubongo unaagiza avute pumzi, lakini sodiamu haina pa kuingilia, na agizo halifiki kwenye misuli ya kupumua.