Kumwambia mwenzako jambo zito bila kuvunja ushirika

Chukua mfano wa wanikaji dagaa wa Kibirizi, Kigoma. Mwenzako kachelewa, mvua imewanyeshea dagaa wakiwa bado chanjani. Ukianza na "wewe mvivu", atajitetea tu, na suala la dagaa litasahaulika.

Anza na ulichokiona kwa macho: "Dada, jana na juzi ulifika saa nne, tulikubaliana saa mbili." Neno "kila siku" liache, maana ataitafuta siku moja aliyowahi. Kisha taja hisia: "Nilipata wasiwasi." Hapa ndipo wengi huteleza. "Nahisi unanidharau" si hisia hata kidogo, ni hukumu. Sema na unachohitaji: "Nataka mtaji wetu uwe salama." Halafu omba jambo moja linalopimika: "Kesho ukiona utachelewa, utanipigia kabla ya saa mbili?"

Akikataa, usinune, muulize kinachomzuia. Huenda ana mgonjwa nyumbani. Ombi lisilopokea "hapana" ni amri, na watu huitambua hata ikisemwa kwa upole.

Zungumzeni pembeni, si mbele ya wanunuzi. Kwenye kikao cha kikundi cha hisa, mwenyekiti amtake kila anayejibu arudie kwanza alichosikia.