Kompyuta za ofisini zinapewa IP za ajabu? Tafuta kwanza nani anazigawa

Mashine 10 ziko poa, 3 zinagoma, hazioni printa, hazifungui mafaili ya kwenye seva, intaneti mara ipo mara haipo, ukiizima na kuiwasha moja inakubali afu kesho asubuhi tatizo limehamia kwa mtu mwingine. Ukiona hivyo naomba usikimbilie kuzima rauta. Kaa kwenye mashine moja inayosumbua ucheki imepewa IP gani (namba inayoitambulisha kwenye mtandao) na imepewa na nani.

Kwenye Windows fungua cmd (dirisha la kuandika amri), andika ipconfig /all ubonyeze Enter. Yatamwagika maandishi mengi, wewe tafuta IPv4 Address (ndo IP yenyewe), Subnet Mask, Default Gateway (getiwei, mlango wa kutokea nje ya mtandao), DNS Servers (zinazogeuza majina ya tovuti kuwa IP) na DHCP Server (DHCP ndo utaratibu wa kugawa IP). Fanya hivyohivyo kwenye mashine isiyosumbua, piga picha zote mbili ulinganishe mstari kwa mstari. Huo wa DHCP Server watu wengi wanauruka na ndo muhimu kuliko yote, unakuonyesha anwani ya kifaa kilichoipangia hiyo kompyuta. Kwa wenye Mac andika ipconfig getpacket en0 uangalie server_identifier (hiyo en0 kwenye MacBook kwa kawaida ndo waifai).

IP ikianza na 169.254 ujue hakuna aliyejibu, kompyuta imeita ikakosa mtu ikajipangia yenyewe. Kagua waya, tundu la swichi, na kama seva inayogawa anwani iko hewani. Zikiwa ziko sawa angalia kama anwani zimeisha, maana ukiweka kugawa kuanzia .100 mpaka .150 hapo una anwani 51 tu, na siku hizi mtu mmoja anakuja na laptop na simu. Kwenye Windows Server anwani inakodishwa siku 8 usipobadilisha, kwa hiyo mgeni aliyekuja Jumatatu kwa nusu saa simu yake bado imeshikilia nafasi wiki nzima. Waifai ya wageni iwekee masaa machache.

Sasa kama IP ipo ila DHCP Server sio yenu, kuna kifaa kingine kinagawa anwani humo ndani. Kompyuta ikiwaka haijui seva iko wapi, inatangaza kwa mtandao mzima kwamba inaomba anwani, na mara nyingi inashika ofa iliyowahi kufika. Ndo maana leo anapata huyu kesho anakosa yule, ni mbio tu kati ya wagawaji wawili.

Mimi nilishinda karibu siku nzima na hii kwenye ofisi moja. Mtandao wao ulikuwa 10.0.5 lakini mashine kadhaa zikawa zinapata 192.168.0, getiwei 192.168.0.1. Nikaja kuikuta rauta ndogo ya nyumbani nyuma ya kabati, mtu alitaka waifai karibu na meza yake, akachomeka waya wa ofisi kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani) badala ya WAN (la intaneti inayoingia), na rauta ikaanza kugawia anwani jengo zima. Hakuwa na nia mbaya kabisa, alitaka kufanya kazi.

Kukitafuta fanya hivi: ukiwa kwenye mashine iliyoathirika piga ping (andika ping na hiyo anwani ya DHCP Server, uone kama kinajibu), kisha andika arp -a uchukue anwani yake ya MAC (namba ya kifaa chenyewe, haihusiani na kompyuta za Mac). Herufi 6 za mwanzo mara nyingi zinakuambia kampuni iliyotengeneza kifaa. Ifungue pia kwenye brauza, ikitokea ukurasa wa kulogin wa rauta utaona na modeli. Ukikuta 192.168.137.1 hiyo ni kompyuta ya Windows inashea intaneti yake. Kama swichi yenu inakubali kulogin, tafuta hiyo MAC kwenye jedwali lake uone iko tundu la ngapi, ufuate waya. Kama haikubali, subiri watu watoke, acha ping -t (ping isiyokoma) kwa anwani hiyo inaendelea na uchomoe waya mmojammoja, ule utakaokata majibu ndo wenyewe, ila hakikisha sio wa laptop yako.

Ukishakipata, zima DHCP yake au kitoe kabisa, halafu kwenye mashine zilizoathirika andika ipconfig /release, ipconfig /renew, na ipconfig /flushdns.

Kuna nyingine, seva ni yenyewe kabisa ila DNS au getiwei inayogawa ni ya zamani. Hapo kosa liko kwenye seva. Kwenye Windows Server kagua Scope Options (mipangilio ya kundi moja la anwani), zenyewe zinafunika Server Options (za seva nzima), unaweza kurekebisha za seva ukashangaa kwenye mashine hakuna kilichobadilika. Na hata ukirekebisha, mashine iliyowashwa muda wote inarudi kuuliza nusu ya muda wa kukodi ikifika, siku 8 maana yake siku ya 4, kwa hiyo usisubiri, zipigie ipconfig /renew.

Tafadhali usitibu haya kwa kuandika IP kwa mkono kwenye kila mashine, baada ya muda seva inaweza kumpa mtu mwingine anwani hiyohiyo na zitagongana.

Swichi yenu kama ina DHCP snooping (ulinzi dhidi ya wagawaji wasioruhusiwa) iwashe, inazuia ofa zote isipokuwa zinazotoka kwenye tundu uliloliamini. Kabla hujaiwasha weka trust kwenye tundu linaloenda kwenye seva na zile zinazounganisha swichi na swichi, ukisahau ofisi nzima itaamka na 169.254.