Tresipointi pale L0 anapoamua

KVM, sehemu ya kerneli ya Linux inayoendesha mashine pepe, inaweza kuweka mashine pepe ndani ya nyingine: L0 ni mwenyeji kwenye mashine halisi, L1 ni mgeni wake, L2 ni mgeni wa L1. Mgeni L2 akiganda, naanza na swali moja: alipotoka mara ya mwisho (VM exit, yaani aliposimama na kuachia kichakataji), nani aliachiwa kazi? L1 anaamini yeye ndiye anamwendesha L2, lakini kila L2 akitoka, kichakataji kinarudi kwa L0 kwanza. L0 ndiye anaamua amalize mwenyewe au ampelekee L1. Hapo ndipo tresipointi (tracepoint, alama ndani ya kodi ya kerneli inayorekodi tukio inapopitiwa) inapolipa.

Kwa Intel, fungua `nested_vmx_reflect_vmexit()` kwenye `arch/x86/kvm/vmx/nested.c`. Ndani utakuta `trace_kvm_nested_vmexit` tayari ipo, ila inaitwa kabla uamuzi haujatoka. Nyingine, `kvm_nested_vmexit_inject`, hurekodiwa L1 anapopelekewa, hata kwa mitoko ambayo L0 ameitengeneza mwenyewe. Ukizitazama hizo mbili tu, sababu ya uamuzi inabaki gizani.

Andika `TRACE_EVENT(kvm_nested_decide, ...)` kwenye `arch/x86/kvm/trace.h`. Sehemu tatu zinatosha: `rip` ya u64 (anwani ya amri ambayo mgeni amefikia), `reason` ya u32 (namba ya sababu ya kutoka), `who` ya u8 (uamuzi wenyewe). Panga kubwa kwanza ili rekodi isiwe na mapengo. Hifadhi namba ghafi; kuzipamba kwa maneno ni kazi ya `TP_printk`, na hiyo haifanyiki hadi mtu asome bafa. Weka `who` 0 pale `nested_vmx_l0_wants_exit()` inapokubali, 1 pale `nested_vmx_l1_wants_exit()` inapokataa, 2 kazi ikienda kwa L1:

```
if (trace_kvm_nested_decide_enabled())
	trace_kvm_nested_decide(kvm_rip_read(vcpu),
				exit_reason.full, 2);
```

Mwito huu ukae kabla ya `nested_vmx_vmexit()`, maana baada yake rip utakayosoma ni ya L1. Sharti la `_enabled()` nalisisitiza: bila hilo, `kvm_rip_read` inaweza kugusa VMCS (muundo ambamo kichakataji cha Intel huhifadhi hali ya mgeni) hata tresipointi ikiwa imezimwa.

Kisha ongeza `EXPORT_TRACEPOINT_SYMBOL_GPL(kvm_nested_decide)` kwenye `x86.c`, kwa kuwa tresipointi inazaliwa ndani ya moduli ya kvm ilhali anayeiita ni kvm-intel. Ukijenga KVM ndani ya kerneli yenyewe hutaona kosa lolote. Atakayeijenga kama moduli ndiye atakwama, kwa hiyo jaribu njia zote mbili.

Washa:

```
cd /sys/kernel/tracing
echo 'reason == 48' > events/kvm/kvm_nested_decide/filter
echo 1 > events/kvm/kvm_nested_decide/enable
echo 1 > events/kvm/kvm_nested_vmexit_inject/enable
cat trace_pipe
```

Namba 48 ni hitilafu ya EPT (mgeni amegusa kumbukumbu ambayo EPT, jedwali la kurasa la Intel kwa wageni, haimruhusu), na kwa hiyo `who` itakuwa 0 siku zote, kwani L0 huishika kwanza. Usiishie hapo. Tazama kama inject inafuata, na kama rip inasogea. Rip ileile ikijirudia mfululizo bila inject, chunguza jedwali la kurasa ambalo L0 anamjengea L2 kutokana na lile la L1: L0 anaamini ukurasa umeshawekwa, L2 bado haufikii.